Gari Lisilo na Barua

Jumapili ile, baada ya ibada, Nahashon alisimama nje ya kanisa la Ganda, akakunjua karatasi ya mke wake na kuisoma kwa sauti kubwa kana kwamba anatangaza ndoa. "Bramwell, barua nne. Keltra, barua tatu." Hapo akainua kidole juu, maana alikuwa mtu wa kupenda kunogesha mambo. "Shirano, hakuna. Hata moja hakuna, jamani!"

Mke wake, Wangu, alitamani ardhi ipasuke immeze. Karatasi ile haikuwa ya kusomwa kanisani. Wangu alikuwa karani wa gereji ya kampuni moja ya utalii pale Malindi, na tajiri wa kampuni alitaka kununua mabasi madogo sita. Kabla hajatoa pesa alitaka kujua, kati ya viwanda vitatu anavyonunua kwao magari, Bramwell, Keltra na Shirano, ni kipi kilichoyaita magari yake yarudi kutengenezwa mara nyingi zaidi kwa sababu ya kasoro za hatari. Wangu alipekua mafaili tangu mwaka wa 1981 hadi mwaka huo wa 1986, akahesabu barua za viwanda za kuyaita magari, akapiga taipu jedwali safi. Nakala ya kaboni akaenda nayo nyumbani, kwa sababu mumewe alikuwa na Shirano na alijua atafurahi. Mke gani hapendi kumfurahisha mumewe kwa kitu cha bure?

Alifurahi kupita kiasi. Kwaya ya kanisa ilikuwa inakwenda kuimba mashindano Mombasa Jumamosi iliyofuata, na Mwalimu Sidi, kiongozi wa kwaya, alikuwa bado hajaamua achukue gari la nani. Magari yalikuwa mawili tu: Shirano ya Nahashon na Bramwell ya Thoya, mwenyeji wa hapo hapo Ganda, ambaye kwa miaka mitatu ndiye aliyekuwa akiibeba kwaya bila neno.

"Barua zilikuja, sikatai," Thoya alisema. "Na kila ilipokuja nililipeleka gari Mombasa kwa wakala wa kiwanda likatengenezwa. Sasa ubaya uko wapi?"

"Ubaya?" Nahashon aliwageukia watu. "Mtoto anayeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu mara nne ni mtoto wa namna gani? Huyu wa kwangu hajaitwa hata siku moja. Mwana mwenye adabu!"

Watu walicheka. Hata mchungaji alicheka, akajifanya anakohoa. Mwalimu Sidi akaichukua ile karatasi, akaitazama juu na chini, akaona tarakimu safi na mistari iliyonyooka, akasema kitu kilichopigwa taipu ofisini hakiwezi kuwa uongo. Safari akapewa Nahashon. Thoya alivaa kofia yake akaondoka bila kumuaga mtu, na Wangu akabaki anatazama viatu vyake. Aibu alikuwa nayo, lakini ukweli usemwe, na majivuno kidogo pia. Kazi yake ilikuwa haijawahi kusomwa mbele ya watu.

*

Ijumaa jioni Nahashon aliliosha gari mpaka taa zake zikang'aa. Alilinunua miaka miwili nyuma kwa Mzungu mmoja mwenye hoteli aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Kitabu cha usajili wa gari kilikuwa bado na jina la Mzungu yule. Nahashon alikuwa akisema atakwenda kulibadilisha, na kila mwezi kulikuwa na jambo jingine. Wala hakuwa peke yake. Nusu ya magari ya Malindi yalikuwa yakitembea na majina ya watu waliokwisha ondoka.

Binti yao Wanjira, wa miaka kumi na minne, alikuwa ndani anapiga pasi blauzi nyeupe ya kwaya huku akiimba sehemu yake, anakosea, anaanza tena. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuchaguliwa.

"Baba Wanjira," Wangu aliita kutoka mlangoni, "gari liko sawa?"

"Liko sawa sana. Breki tu siku hizi inataka kubembelezwa. Nikikanyaga mara mbili inashika."

"Si ulipeleke kwa wakala walitazame?"

Nahashon alikamua kitambaa chake. "Kwa wakala kwa sababu gani? Wewe si ndiye uliyeandika mwenyewe? Hakuna. Wenye barua ndio wapeleke." Kisha akatabasamu, akamrushia mke wake tone la maji, na mazungumzo yakaishia hapo. Wangu alirudi ndani kumwonyesha mtoto namna ya kunyoosha kola.

*

Jumamosi waliondoka saa mbili asubuhi, watu kumi na watatu na dereva wao, wakiimba kabla hata ya kufika lami. Wangu aliwapungia mkono, kisha akaenda kazini, kwani Jumamosi walifanya kazi mpaka saa saba.

Ochola, msimamizi wa gereji, alimkuta mezani. Alikuwa mtu wa haki, ila aliogopa tajiri kuliko alivyoogopa Mungu. "Bi Wangu, jedwali lako limependwa. Tajiri anachukua Shirano zote sita. Sasa anataka kujua kila gari lililala gereji siku ngapi kwa mwaka. Jumatatu asubuhi awe nayo."

Wangu akatoa kadi za matengenezo. Alianza na Shirano, kwa sababu zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kamba. Kampuni ilikuwa na tisa, na zote zilikwenda kwa wakala Mombasa kila baada ya miezi sita. Kwenye kadi ya kwanza alikuta mstari mmoja chini kabisa: masta ya breki, imebadilishwa, bila malipo. Kwenye ya pili, hivyo hivyo. Kwenye ya tatu. Mpaka ya tisa, hivyo hivyo. Tangu lini wakala wa Mombasa akampa mtu kitu bure? Wale watu walikuwa wakitoza hata kitambaa cha kufutia mikono.

Akainuka akaenda uani na kadi zake. Kombe, fundi mkuu, alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Kombe, masta ya breki ndiyo nini?"

"Ah, Mama Wanjira, leo wataka kuniachisha kazi?" Kombe akajivuta nje. "Ni kile chuma ambacho ukikanyaga breki, chenyewe ndicho kinachosukuma mafuta yaende magurudumu yote manne. Kikifa hicho huna breki, una mguu tu."

"Na hizi Shirano, mbona zote tisa zimebadilishwa? Na mbona bure?"

Kombe alipangusa mikono polepole. Akaenda kwenye sanduku la vyuma vikuukuu, akarudi na vyuma viwili vyenye kutu, akampa ashike. "Tazama mhuri hapo ubavuni. Hii imetoka kwenye Bramwell. Hii imetoka kwenye Shirano. Mhuri mmoja, au sivyo? Na Keltra vile vile. Hawa wa viwanda vitatu walinunua chombo hiki kwa mtu mmoja. Mpira wa ndani ni mbovu, unaliwa. Sasa Bramwell walipogundua, wakaandika barua: jamani tumekosea, leteni magari. Keltra wakakaa miezi minane, wakaandika na wao, barua yenye maneno matamu, eti wanaboresha. Shirano hawakuandika. Wao ukipeleka gari kwa matengenezo wanakubadilishia kimya kimya, wala hujui."

"Na usipopeleka?"

"Usipopeleka ni shauri yako."

Wangu aliuliza swali la mwisho. "Mtu anajuaje kama lake limeharibika?"

"Hapa mjini hajui. Anakanyaga mara mbili, inashika, anaona sawa. Ila ukikanyaga ukashikilia, mpira unaachia taratibu, pedali inazama mpaka chini. Kwa hivyo atajua akiwa mahali pa mteremko, pa kusimama na kungoja." Kombe alifikiri. "Kama pale feri ya Kilifi."

*

Alijaribu simu kwanza. Opareta alimwambia laini ya Kilifi ilikuwa mbovu tangu jana. Akamwendea Ochola, akamweleza, akamwomba gari. Ochola alisema magari yote yalikuwa na wageni, na ni kweli yalikuwa. Halafu akaongeza, bila kumtazama usoni, "Lakini haya ya bure bure usiyatie kwenye jedwali, Bi Wangu. Tajiri aliuliza barua." Wangu alimtazama mtu huyu aliyefanya naye kazi miaka sita. Alichukua mkoba wake akatoka.

Katika mji mzima wa Malindi alimjua mtu mmoja tu mwenye gari ambaye asubuhi ile hakuwa na safari. Na alijua kwa nini hakuwa nayo.

Thoya alikuwa ameegesha karibu na soko, amekaa kwenye kiti cha dereva mlango ukiwa wazi, anakula kitumbua. Alimwona Wangu anakuja mbio, wala hakushuka.

"Habari ya asubuhi, Mama Wanjira. Umekuja kunihesabia barua nyingine?"

"Nimekosa, Bwana Thoya." Watu wa sokoni walikuwa wanasikia, aliwaacha wasikie. "Nilikosa mimi. Nilihesabu barua nikadhani nahesabu magari mabovu. Gari la Baba Wanjira lina ule ugonjwa uliotengenezewa wewe. Na limebeba watoto, wanakwenda kuingia feri. Tafadhali nipeleke."

"Kwa hili gari lililoitwa mara nne?"

"Kwa hilo hilo. Ndilo pekee ninaloliamini sasa."

Thoya alimaliza kitumbua chake. Kwa Wangu dakika ile ilikuwa ndefu kuliko miezi tisa ya kumbeba Wanjira. Kisha Thoya akajifuta mdomo, akausogeza mguu wake ndani. "Wana wa Ganda wamo mle," alisema. "Panda."

*

Walikimbia. Gede ikapita, msitu ukapita, Matsangoni ikapita. Kwenye kila kona Wangu alinyoosha shingo kutazama mitaroni, anaogopa kuona kitu cheupe. Alijilaani kwa sauti. Alilaani kaboni, alilaani majivuno yake ya Jumapili.

"Wamesimama Gede kuchukua waimbaji wawili," Thoya alisema. "Sidi aliniambia mapema, alipokuwa bado anataka gari langu. Na Jumamosi foleni ya feri ni ndefu. Tutawapata." Baada ya kitambo akasema tena, "Unajua kila barua ilinilaza Mombasa siku mbili? Nililala garini. Niliwatukana wale watu wa Bramwell matusi yote niliyofundishwa. Sikuwahi kuwashukuru."

Walifika Kilifi saa nne na robo. Foleni ilianzia juu kabisa, magari yamejipanga mteremko mzima mpaka karibu na maji. Feri ilikuwa ndiyo kwanza inagusa upande huu. Na kwa kanuni ya pale, abiria wote wa magari ya mbele walikuwa wameshashushwa, wanateremka kwa miguu kwenye njia ile ile ya magari, wakae kwenye feri kwanza, ndipo madereva waingie nyuma yao na magari matupu. Wangu alizitambua blauzi nyeupe katikati ya umati, chini kabisa, migongo yao ikiwa imegeukia foleni. Walikuwa wanaimba. Shirano ya Nahashon ilikuwa ya kwanza katika mstari, na mtu wa feri alikuwa ameshainua mkono kuiita.

Wangu hakusubiri Thoya asimame vizuri. Aliruka, kiatu kimoja kikabaki, akateremka mbio kando ya magari mpaka akasimama mbele ya pua ya Shirano, mikono yote miwili juu ya boneti.

Nahashon alitoa kichwa dirishani. "Mama Wanjira! Umetoka wapi? Kuna msiba?"

"Vuta breki ya mkono. Usiteremke. Vuta!"

"Watu wanatutazama, mke wangu."

"Wacha watazame. Vuta!"

Alikuwa ndiyo kwanza ameiachia ili aingie; akaivuta tena, kwa kuwa uso wa Wangu ulimwogopesha. Nyuma yao honi zilianza. Mtu wa feri alipiga kelele kuuliza kama wameamua kufungua duka pale.

"Sasa kanyaga breki. Usikanyage mara mbili. Mara moja tu, uishikilie."

"Wangu, jamani, wewe mwenyewe uliandika hakuna."

"Niliandika barua hakuna. Kanyaga, Baba Wanjira, nakuomba."

Nahashon alikanyaga. Ilishika. Aliwatazama watu wa foleni, akatabasamu lile tabasamu lake la Jumapili. "Unaona? Chuma!"

"Endelea kuishikilia."

Wangu alikuwa amesogea mlangoni, anatazama goti la mumewe. Goti lilikuwa limekunjika vizuri. Kisha likaanza kunyooka, taratibu, bila yeye kutaka. Tabasamu lilibaki mdomoni muda kidogo baada ya macho kuelewa. Mguu uliendelea kwenda mpaka kiatu kikagusa sakafu, na hapakuwa na kitu chini yake. Nahashon aliinua macho, akatazama mbele kupitia kioo: njia inayoteremka, umati, blauzi nyeupe, na nyuma ya wote Wanjira akiwa ameinama kufunga kamba ya kiatu.

Alianza kulia palepale kwenye usukani, mtu mzima, mbele ya foleni ya magari arobaini.

*

Thoya na mtu wa feri walitia mawe chini ya magurudumu. Gari likasukumwa kando na wanaume sita, kila mmoja na mzaha wake. Mtu wa feri aliliita mkokoteni. Thoya hakusema hata moja kati ya maneno aliyokuwa na haki ya kuyasema. Aliteremka akaikusanya kwaya, akaileta juu ihamishie mizigo kwenye Bramwell yake. Mwalimu Sidi alipopita karibu na Nahashon alisimama.

"Baba Wanjira, si ulituambia hili haliitwi?"

"Niliwaambia, Mwalimu."

"Mbele ya kanisa zima."

"Mbele ya kanisa zima," Nahashon alikubali. Sidi alitikisa kichwa akaenda zake. Wanjira alimjia mama yake, akamkumbatia bila kujua hasa kwa nini, akaitwa, akakimbia. Kwaya ikaingia kwenye feri kwa miguu, na Bramwell, iliyopewa nafasi ya Shirano, ikafuata nyuma yao.

Wangu alikaa kwenye jiwe, kiatu kimoja mguuni. Alikuwa ameshamweleza mumewe yote aliyoambiwa na Kombe. Alidhani mumewe atakuja kukaa karibu naye, naye alikuwa tayari kumsamehe na kusamehewa. Lakini Nahashon alikuwa amesimama katikati ya njia, anatazama foleni iliyobaki. Alifuta uso kwa mkono wa shati, akaanza kupanda mteremko.

Shirano ya kwanza aliyoikuta ilikuwa pikapu yenye magunia ya korosho, ya mtu mnene aitwaye Gona.

"Ndugu yangu," Nahashon alisema, "gari langu lile pale ni bovu la breki. Ni Shirano kama la kwako. Wenye kiwanda wanajua na hawakutuambia. Kanyaga breki uishikilie, hesabu mpaka kumi."

"Wewe si ndiye uliyekuwa unalia?"

"Ndiye mimi. Kanyaga tu."

Gona alikanyaga, akahesabu kwa sauti ili wote wasikie, akafika kumi na mguu ukiwa palepale. Akaangua kicheko. "Langu zima, mzee! La kwako limekufa, unatutafutia wenzio?" Foleni nzima ikacheka naye. Kuna aliyepiga mluzi. Wangu alisimama, akataka kumwita mumewe arudi, yatosha.

"Ashukuriwe Mungu kama ni zima," Nahashon alijibu, masikio yamemwiva. Akaendelea kupanda.

Magari manne nyuma kulikuwa na Shirano nyingine, basi dogo la kijani lililojaa watu wanaokwenda mazishini. Lilikuwa mbali na maji, kwa hiyo abiria wake walikuwa bado ndani. Dereva wake, kijana mwembamba aitwaye Randu, alikuwa amesikia kila kitu kupitia dirishani. Hakungoja kuambiwa. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika breki ya mkono.

"Mzee," alisema kwa sauti ndogo, "yangu imezama. Nimefika sita tu. Nifanye nini?"

"Usiiachie hiyo ya mkono," Nahashon alimwambia. Aliwaita wanaume wa karibu walete mawe. Gona, ambaye kicheko kilikuwa kimemkauka, ndiye aliyetangulia kushuka na jiwe. Nahashon alizunguka mpaka mlango wa nyuma, akaufungua, akanyoosha mikono kumpokea mama mmoja mtoto wake.

"Shukeni polepole," aliwaambia. "Pitieni nyuma, mtu asipite mbele ya gari."